Kuahirisha Step 1 au Kuingia Hivyo Hivyo? Majibu kwa Barua Zenu

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: tarehe ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari Marekani wenye hatua tatu (Step 1, Step 2 CK na Step 3), inakaribia na mtahiniwa hajui kama aisogeze au aingie. Tumechagua barua zinazogusa wengi. Waliouliza juu ya Step 3 watuvumilie. Mambo yake ni tofauti na yanahitaji safu nyingine.

Mhariri, nimebakiza wiki tatu kufanya Step 1. Majaribio matatu ya NBME, bodi inayoutunga mtihani huu, yamenipa asilimia 58, 61 na 63. Wenzangu wananiambia niingie tu, maana siku hizi ni kufaulu au kufeli, hakuna alama. Niahirishe?
*Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne*

Usiahirishe leo, ila panga leo siku ya kuamua.

Tuanze na hoja ya wenzako, kwa sababu imewaponza wengi. Ni kweli kwamba tangu Januari 26, 2022 matokeo ya Step 1 hayatoi tena alama ya tarakimu tatu. Unaambiwa umefaulu au umefeli, basi. Lakini siku hiyohiyo kiwango cha kufaulu kilipandishwa kutoka 194 hadi 196. Mtihani haukulegezwa hata kidogo. Mwaka huo, kati ya waliofanya kwa mara ya kwanza kutoka vyuo vya Marekani na Kanada vinavyotoa shahada ya udaktari ya MD, walifaulu asilimia 93. Kwa waliosoma vyuo vya nje ya nchi hizo mbili, walifaulu asilimia 74. Katika kila wanne wa kundi hili la pili, mmoja alianguka, na wengi wao bila shaka waliingia wakiwa wameambiwa maneno hayohayo uliyoambiwa wewe.

Sasa tuzitazame alama zako. Katika majaribio ya NBME ya Step 1, mstari wa kufaulu uko karibu na asilimia 62. Ripoti hukuonyesha pia uwezekano wa kufaulu endapo ungeingia kwenye mtihani ndani ya wiki moja. Isome namba hiyo kwanza, ndiyo inayojibu swali lako. Mwenye 63 amepita chupuchupu. Akifanya jaribio jingine kesho anaweza kupata 60 au 66 bila kujifunza wala kusahau chochote, kwa sababu tu maswali yamebadilika. Kwa hiyo tofauti ya 61 na 63 usiihesabu kuwa maendeleo. Kutoka 58 hadi 63 kunaanza kuwa maendeleo, mradi majaribio yote matatu yalikuwa mapya kwako. Kama lile la tatu ulishawahi kuliona, au uliwahi kusoma mjadala wa maswali yake mahali, lifute kwenye hesabu.

Fanya hivi. Siku 10 kabla ya mtihani, kaa ufanye jaribio jipya lote kwa mkupuo mmoja: maswali 200, sehemu nne za maswali 50, dakika 75 kila sehemu. Anza saa ileile utakayoanzia mtihani wenyewe. Simu ikae chumba kingine na saa isisimamishwe. Jambo hili la saa tunalisisitiza kwa sababu ndipo alama nyingi za nyumbani zinapodanganya. Mtu anasimamisha saa kwenda kula, akiwa mezani linamjia jibu la swali la 31, anarudi kulirekebisha. Alama mbili au tatu za namna hiyo zinatosha kumvusha mstari ambao siku yenyewe hatauvuka.

Ukipata 68 au zaidi, ingia. Ukipata kati ya 65 na 67, fanya jaribio jingine jipya baada ya siku nne au tano, na uingie ikiwa nalo halikushuka chini ya 65. Ukipata chini ya 65, sogeza tarehe siku hiyohiyo kwa wiki tatu hadi nne, usisubiri muujiza wa wiki ya mwisho. Vipimo hivi ni vyetu, bodi ya mtihani haijaviweka. Tumeviweka juu kidogo ya mstari kwa makusudi. Majaribio ni ya maswali 200, ilhali Step 1 ni siku ya saa 8 yenye maswali yanayofikia 280, na maswali 80 ya mwisho unayafanya ukiwa na ubongo uliochoka.

Sababu ya ukali wetu ni moja. Ukisogeza tarehe, utapoteza wiki chache na pengine ada. Ukifeli, rekodi hiyo inabaki kwenye nakala ya matokeo yako daima, na kila programu ya rezidensi (mafunzo ya udaktari bingwa hospitalini) utakayoomba itaiona hata kama baadaye ulifaulu. Baadhi ya programu huwaondoa waombaji waliowahi kufeli kabla hata mtu hajafungua barua zao.

Nikiahirisha nitapoteza ada yangu yote? Dirisha langu la miezi mitatu linakaribia kufungwa na sielewi nifanye nini kwanza.
*Daktari aliyehitimu nje ya Marekani*

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Yatenganishe, na hofu itapungua.

La kwanza ni kusogeza tarehe ndani ya dirisha lako, yaani ile miezi mitatu uliyopewa ya kufanyia mtihani. Hili hulifanya wewe mwenyewe kwenye mfumo wa Prometric, kampuni yenye vituo vya mtihani. Ukifanya mapema hulipi kitu. Kadiri siku zinavyopungua inaingia ada, na siku tano za mwisho ndizo ghali kuliko zote. Ngazi za ada na siku zake zimeandikwa kwenye kurasa za maelezo ya USMLE. Zinakili kwenye kalenda yako leo, kisha weka siku yako ya kuamua kabla ya ngazi inayofuata, isiwe siku moja baada yake.

La pili ni kurefusha dirisha lenyewe. Kwa Step 1 na Step 2 CK unaruhusiwa kurefusha mara moja tu, kwa miezi mitatu inayofuatana na ile ya mwanzo, na unalipia. Huwezi kuruka mwezi wa nne ukaomba wa sita. Ukirefusha, kibali chako cha mtihani nacho hubadilika, kwa hiyo chapisha kipya. Wapo watahiniwa wanaofika kituoni na kibali cha zamani mkononi. Ukikagua kibali, linganisha jina herufi kwa herufi na pasipoti yako. Tofauti kati ya hati hizo mbili ikigunduliwa mlangoni inaweza kukunyima mtihani, na hapo hakuna wa kumlaumu.

La tatu ni kuacha dirisha lifungwe. Hilo ndilo linalopoteza ada: itakubidi uombe upya na ulipe upya yote. Usilifikie kwa uzembe.

Namna ya kulifanya ni hii. Kabla hujagusa tarehe uliyonayo, tafuta kwanza kama kuna nafasi katika tarehe unayoitaka. Angalia kituo chako, kisha vituo vya jirani. Usifute miadi ili ndipo uanze kutafuta. Nafasi ya mtu aliyefuta huchukuliwa na mwingine, na wewe unabaki bila ya zamani wala mpya. Kama nafasi iliyopo iko katika ukanda mwingine wa dunia, kuhamia huko ni ombi tofauti lenye ada yake, si kubonyeza tu. Wanaolenga Januari wakumbuke kwamba kwa kawaida mtihani huu hautolewi katika siku za mwanzo za mwaka, kwa hiyo nafasi za Desemba na za nusu ya pili ya Januari huisha mapema.

Halafu kuna kosa linalorudiwa kila mwaka: mtu anasogeza tarehe hadi siku ya mwisho kabisa ya dirisha. Akiugua siku hiyo, hana pa kusogea tena. Acha angalau wiki mbili kati ya tarehe mpya na mwisho wa dirisha.

Nimesoma miezi saba na nimeshaahirisha mara mbili. Majaribio manne ya mwisho: 64, 66, 65, 65. Nikiongeza miezi miwili zitapanda?
*Mtahiniwa aliyechoka*

Ukisoma kama ulivyosoma hadi sasa, hapana. Pole kwa jibu hilo, lakini majaribio manne yaliyokaa mahali pamoja yanasema wazi kuliko jaribio lolote moja: hapo ulipo ndipo njia yako ya sasa ilipokufikisha.

Alama hukwama kwa sababu mbili zinazoendana. Ya kwanza ni usahaulifu. Mambo madogomadogo ndiyo yanayovuja mapema: kimeng'enya kinachokosekana katika ugonjwa huu wa kurithi, dawa hii inaharibu ini au figo, bakteria yule anahitaji chakula gani maabara. Mwezi wa saba unaziba yaliyovuja tangu mwezi wa pili. Ndiyo maana unasoma saa nyingi na namba haisogei. Ya pili ni kuzoea maandishi. Ukiisoma sura kwa mara ya nne inateleza, na unadhani umeielewa. Ukirudia benki ya maswali unalitambua swali kwa mstari wake wa kwanza na mkono unakwenda kwenye jibu kabla ya kufikiri. Asilimia 80 kwenye mzunguko wa pili wa benki ileile haikwambii lolote kuhusu mtihani.

Kabla ya kusogeza tarehe kwa mara ya tatu, tumia siku mbili kufanya kazi hii. Chukua majaribio yako mawili ya mwisho. Ni maswali 400, na kwa alama zako umekosa takriban 140. Pitia kila kosa na uliweke katika moja ya makundi matatu: sikujua, nilijua lakini sikuunganisha, nilijua nikakosea kusoma au nikaishiwa muda.

Chukua mfano mmoja tuuone kwa karibu. Swali linasema mgonjwa ana pH 7.17, bikaboneti 12 na PaCO2 (kipimo cha hewa ya kaboni kwenye damu) 34. Mtahiniwa anaona bikaboneti imeshuka na PaCO2 iko chini ya 40, anachagua asidosisi ya kimetaboliki, yaani asidi kuzidi damuni, inayofidiwa na mapafu, anasonga mbele akiwa na uhakika. Kanuni ya Winters inasema PaCO2 inayotarajiwa ni 1.5 mara bikaboneti, ongeza 8, kwa kupungua au kuzidi 2. Hapa ni 18 na 8, yaani 26. Ilitakiwa iwe kati ya 24 na 28. Iliyopo ni 34. Mapafu hayatoi hewa ya kaboni inavyopasa, kwa hiyo kuna asidosisi ya upumuaji juu ya ile ya kimetaboliki, na jibu linabadilika kabisa: huyu ni mgonjwa anayechoka kupumua.

Sasa jiulize ulikosea wapi. Kama hukuijua kanuni, dawa yake ni nusu saa ya kusoma na kadi moja ya kukumbushia. Kama uliijua lakini haikukujia kwamba hapa ndipo pa kuitumia, kusoma sura hakutakusaidia. Unahitaji maswali mapya yaliyochanganywa mada, ambapo hakuna anayekutonya kwamba hili ni la asidi na besi. Kama uliitumia lakini ukasoma 34 kama 24, au ulikuwa na sekunde 20 zimebaki, basi tatizo ni mwendo wako, na miezi miwili ya kusoma haiutibu.

Hesabu makundi hayo. Yakiwa makosa ya kutojua yamerundikana sehemu mbili au tatu, kwa mfano figo, takwimu za utabibu na kinga ya mwili, una sababu halali ya kusogeza wiki tatu, maana wiki tatu zinatosha kwa sehemu tatu. Makosa ya kuunganisha yakizidi, wiki mbili hadi tatu za maswali mapya kwa saa zitakusogeza. Ya haraka na uchovu yakiwa mengi, tarehe yako ni sahihi. Rekebisha mwendo ndani ya siku ulizonazo.

Kama utasogeza, siku yako iwe hivi: maswali 80 yaliyochanganywa, sehemu mbili za maswali 40, saa moja kila sehemu. Kupitia kila sehemu kuchukue saa mbili, pamoja na majibu uliyopata, kwa sababu mengine umeyapata kwa kubahatisha. Hizo ni saa sita. Saa moja na nusu kwa sehemu moja dhaifu, nusu saa kwa kadi za siku zilizopita, kisha funga. Anayekaa saa 14 mezani hafiki wiki ya tatu akiwa na akili timamu.

Tahadhari moja kwako hasa. Majaribio ya NBME yana idadi yake, na umeshatumia manne angalau. Tenga mawili ambayo hujayagusa, uyatumie siku ya 10 na siku ya 5 kabla ya mtihani, usiyaguse kabla ya hapo hata hamu ikikuzidi. Aliyemaliza majaribio yote hana tena kipimo cha kumwambia yuko wapi, na tumeona mara nyingi kwamba ndiye anayeahirisha mara ya nne na ya tano. Ukipata 67 au zaidi katika mojawapo, na jingine lisiwe chini ya 65, ingia.

Step 1 nimefaulu. Jaribio la Step 2 CK linanikadiria 236, nami nataka 250. Nimepangiwa mwisho wa Julai. Nisogeze hadi Oktoba?
*Mwombaji wa rezidensi*

Oktoba, hapana. Katikati ya Agosti, huenda.

Hapa hesabu si ile ya Step 1. Wewe hauko hatarini kufeli; mstari wa kufaulu Step 2 CK tangu Julai 1, 2025 ni 218. Unachotafuta ni alama, na alama ya Step 2 CK imekuwa na uzito zaidi tangu ile ya Step 1 ilipofichwa. Halafu kuna kanuni ambayo wengi hawaijui hadi wamechelewa: mtihani uliofaulu huruhusiwi kuurudia ili upandishe alama. Ukitoka na 230, ndiyo hiyo. Kwa hiyo kusogeza tarehe ili kutafuta alama ni jambo la busara, endapo kalenda inaruhusu.

Kalenda ndiyo inayokubana. Programu huanza kusoma maombi mwishoni mwa Septemba. Matokeo kwa kawaida hutoka wiki mbili hadi nne baada ya mtihani. Hesabu kurudi nyuma kutoka mwishoni mwa Septemba, toa wiki nne, kisha toa siku chache za tahadhari, na utajikuta kwenye wiki ya tatu ya Agosti. Huo ndio mpaka wako. Ukifanya mtihani Oktoba, maombi yako yatasomwa yakiwa na pengo mahali pa alama. Programu nyingine zitayaweka kando zikisubiri, nyingine hazitayarudia. Kwa waliosoma nje ya Marekani pengo hilo linaumiza zaidi, kwa sababu kufaulu Step 2 CK ni sehemu ya masharti ya cheti cha ECFMG, taasisi inayowathibitisha madaktari waliosoma nje, na bila cheti hicho rezidensi haianzi.

Je, wiki mbili au tatu zitakupa alama 14? Hatuwezi kukuahidi. Makadirio nayo huyumba kwa alama kadhaa juu na chini, kwa hiyo 236 yako huenda ni 230 au 242. Fanya jaribio jingine jipya sasa. Likikukadiria 243 au zaidi, kaa na Julai yako. Likirudi 236 au chini, na makosa yako yakawa yamekusanyika mahali, mathalani uzazi, magonjwa ya akili na maswali ya maadili, sogeza hadi katikati ya Agosti na uzifanyie kazi hizo tatu. Usianze upya kitabu kizima. Tena usisahau kwamba Step 2 CK ni siku ya saa 9 yenye maswali yanayofikia 318. Kama hujawahi kukaa mfululizo kwa urefu huo, sehemu ya alama unazozitafuta iko kwenye stahamala, na hiyo hujengwa kwa kufanya jaribio kamili na kuongeza maswali 120 juu yake siku moja, mara mbili kabla ya mtihani.

Nimebakiza siku nne. Alama zangu mbili za mwisho ni 72 na 71, lakini silali, moyo unakwenda mbio, na nahisi nimesahau kila kitu. Naogopa kuingia.
*Msomaji wenu*

Ingia, ndugu yetu. Tunakuhurumia kwa dhati, lakini hisia ya kusahau kila kitu siku nne kabla ya mtihani haipimi chochote. 72 na 71 zimepima. Ukiahirisha kwa sababu ya hofu, hofu ileile itakukuta siku nne kabla ya tarehe mpya, mara hii ikiwa na mfano wa kuiunga mkono.

Acha maswali mapya magumu kuanzia kesho. Fanya yale maswali 120 ya bure ya USMLE, kwa saa, mara moja, ili jicho lizoee muonekano. Siku mbili za mwisho pitia kanuni, takwimu na kadi ulizokosa. Amka kila siku saa utakayoamka siku ya mtihani hata kama usiku hukulala. Kulala mchana kutaharibu usiku unaofuata. Kahawa isizidi ile uliyoizoea. Kama huna mazoea ya dawa za usingizi, usizijaribu usiku wa kuamkia mtihani.

Ila tofautisha hofu na mambo mengine. Homa kali, kuharisha, msiba wa mtu wa karibu, shambulio la pumu, mimba inayosumbua, au hali ya akili iliyoanza zamani kabla ya mtihani na inayokufikisha mahali pa kutotaka kuishi: hizo ni sababu za kusogeza hata kama alama ni 75. Hiyo ya mwisho zungumza na daktari leo, tarehe baadaye. Ada ya siku tano za mwisho inauma, lakini ni ndogo kuliko rekodi ya kufeli.

Na uamuzi huo ufanye kabla ya kukaa kwenye kiti. Ukishauanza mtihani huwezi kuufuta. Ukiondoka katikati, unaweza kuandikwa kuwa hukumaliza, na jaribio hilo linahesabiwa pamoja na mengine.

Nilifeli Step 1 mara moja. Nataka kurudia baada ya miezi miwili ili nisipoteze mwaka. Ni mapema mno?
*Jina limehifadhiwa*

Kanuni inakuruhusu, ila alama zako ndizo za kuamua. Tangu Julai 2021 kila Step ina mwisho wa majaribio manne, yakiwemo yale yasiyomalizika. Ndani ya miezi 12 huwezi kufanya zaidi ya mara tatu, na jaribio la nne lazima lipite miezi 12 tangu la kwanza na miezi sita tangu la karibuni. Usijifariji kwa kuhesabu kwamba umebakiza matatu. Kufeli mara ya pili hufunga milango mingi ya rezidensi, kwa hiyo jichukulie kama mtu aliyebakiza moja.

Ripoti ya kufeli inakuonyesha ulikuwa juu au chini kiasi gani katika kila sehemu. Iweke kando ya ripoti za majaribio ya NBME uliyofanya kabla. Kama majaribio yalisema 66 na ukafeli, ulikuwa karibu, na kuna uwezekano mkubwa tatizo lilikuwa siku yenyewe: usingizi, mwendo, mapumziko yaliyoliwa yote mapema. Miezi miwili inaweza kutosha. Kama majaribio yalisema 57 na ukaingia hivyohivyo, miezi miwili haitoshi. Panga minne, na usiombe dirisha jipya hadi upate jaribio la kwanza lililovuka 62, ili miezi mitatu ya dirisha isianze kuliwa wakati bado unajenga msingi. Kwa mara ya pili kipimo chetu cha kuingia ni 70 katika majaribio mawili mapya mfululizo.

Chuo changu kinataka niwe nimemaliza Step 1 kabla ya kuanza mizunguko ya wodini. Nikiahirisha naogopa kusimamishwa.
*Mwanafunzi aliye Marekani*

Usisogeze kimya kimya ukatumaini hawataona. Nenda ofisi inayoshughulikia wanafunzi ukiwa na ripoti zako mbili za mwisho na tarehe mpya unayoitaka, kisha uliza: mzunguko wa kwanza unaweza kusogezwa au kubadilishwa na wa kusoma, mkopo na hadhi yangu ya uanafunzi vinaguswaje, na kama nina viza, je, masomo yaliyopungua yanaiathiri? Omba majibu kwa maandishi. Ofisi hizo huzungumza na wanafunzi wa namna hii kila mwaka, na mwenye ripoti ya 60 mkononi na mpango wa wiki nne husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko anayekuja na matokeo ya kufeli. Nenda kabla ya siku 10 za mwisho, kwa sababu kubadilisha ratiba ya wodi huwachukua wao muda kuliko inavyokuchukua wewe kubadilisha tarehe ya mtihani.